Lori la Usiku Lihukumiwe kwa Vishindo Vyake

Hotuba kwa wakazi, wenye maduka na wasafirishaji kuhusu kanuni za mtaa za kushusha mizigo usiku

Mheshimiwa mwakilishi wadi, wazee wa mtaa, kina mama na kina baba wenye maduka, madereva na wasaidizi wao mataniboi mlioacha usingizi wenu wa mchana kuja hapa, nawasalimu nyote.

Tumeitana kuzungumzia lori linaloshusha mizigo usiku katikati ya nyumba za watu. Wakazi wengi wanataka lipigwe marufuku. Wenye maduka wanauliza mkate wa saa kumi na mbili asubuhi utatoka wapi. Msimamo wangu nautoa mapema tusipotezeane muda: marufuku ya jumla haitawapa wakazi usingizi, na ruhusa ya jumla itawanyima. Kinachofaa ni kanuni ya mtaa inayoweka kikomo cha kishindo kimoja kimoja, inayotaja kwa jina vitendo vinavyokileta, na inayombana mwenye duka kabla ya kumbana dereva.

Tuanze na sheria iliyopo, maana hatutungi mahali patupu. Hapa Kenya, kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele na mitetemo iliyokithiri zilitolewa mwaka 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kwa kanuni hizo, mchana ni kuanzia saa 12:01 asubuhi hadi saa 2:00 usiku, na usiku ni kuanzia saa 2:01 hadi saa 12:00 asubuhi, yaani saa kumi. Nje ya nyumba za makazi kikomo cha mchana ni desibeli 50, desibeli ikiwa kipimo cha ukali wa sauti, na cha usiku ni 35. Mtaa uliochanganya nyumba na biashara umepewa 55 mchana, na eneo la biashara 60, lakini ikiingia usiku yote yanashuka hadi 35 ile ile. Ndiyo kusema soko la jumla na kitongoji cha nyumba za kulala vina kikomo kimoja usiku. Nayo Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa kelele na kero nyingine za umma. Kaunti basi ina mamlaka ya kuandika masharti ya lori la usiku, mradi yasilegeze kikomo cha taifa.

Katika kanuni hizo za 2009 kuna kifungu kinachonivutia kuliko vyote. Kanuni ya 3 inataja mambo ya kuangaliwa kabla ya kuamua kama kelele imepita kiasi: ni saa ngapi, nyumba za watu ziko karibu kiasi gani, kelele inajirudia au ni ya mfululizo, ukali wake, na kama ingeweza kudhibitiwa bila juhudi wala gharama kubwa. Hilo la mwisho lishikeni sana. Karibu kila kelele ya kushusha mzigo inadhibitika kwa kipande cha mpira, grisi, tochi na dakika kumi za ziada. Msafirishaji anayesema haiwezekani, aulizwe kwanza kama amejaribu hivyo vinne.

Sasa tuiangalie 35 yenyewe, kwa sababu watu huielewa vibaya. Si kikomo cha sauti moja. Ni wastani wa nishati ya sauti kwa saa zote kumi za usiku, yaani sekunde 36,000. Uchukulieni usiku kama mfuko uliopewa kiasi maalumu cha kutumia. Sauti ya desibeli 45 dirishani inaweza kuendelea kwa saa nzima kabla mfuko haujaisha. Ya 50 inaumaliza kwa dakika 19. Ya 60 inaumaliza kwa sekunde 114, hazifiki dakika mbili. Ya 70, sekunde 11. Ya 80, sekunde moja na nukta kidogo. Hapo hatujahesabu bodaboda, jenereta wala mbwa. Kila desibeli 10 zikiongezeka, nishati huzidishwa mara kumi, ndiyo maana sekunde zinakwisha upesi hivyo.

Hesabu hiyo inatufunza mambo mawili. La kwanza: mlango wa nyuma wa lori ukibamizwa mara moja, sekunde moja, kwa desibeli 80 dirishani kwako, ukashtuka, ukakesha hadi alfajiri, kishindo hicho peke yake kinaufikisha wastani wa usiku kwenye 34 tu. Kikomo hakijavunjwa, na wewe hukulala. Anayeamka huamshwa na kishindo, haamshwi na wastani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilipendekeza sauti moja moja isizidi desibeli 45 ndani ya chumba cha kulala, na isizidi 60 nje ya dirisha lililo wazi. Hizo 15 katikati ni kile ambacho ukuta na dirisha vinapunguza. Chumba chenye vioo vya luva na matundu makubwa ya hewa, kama vilivyo vyumba vingi vya Pwani, hakipati ahueni hiyo yote, kwa hiyo 60 tuichukulie kuwa mwisho wa uvumilivu, tusiione kuwa ukarimu.

La pili linatia moyo. Chukueni lori la mikate lenye kreti 100. Kila kreti ikitua kwa nusu sekunde ya desibeli 70 dirishani, wastani wa usiku unafika 41 na kikomo cha taifa kimevunjwa. Kreti zile zile zikitua kwa 60, wastani unakuwa 31. Maana yake, tukikilinda kikomo cha kishindo cha 60, na kazi ikawa fupi, na injini ikazimwa, kikomo cha taifa cha 35 kinafikika. Anayeshika kikomo kimoja anakaribia kukishika cha pili.

Uholanzi walifika hapo mapema. Mwaka 1998 walitoa kanuni za maduka zilizoweka kikomo cha kishindo kwenye ukuta wa nyumba za jirani: 65 kuanzia saa 1 jioni hadi saa 5 usiku, na 60 kuanzia saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi. Mchana, upakiaji na ushushaji haukubanwa na kikomo hicho. Ukafuata mpango uitwao PIEK wa kupima vifaa kimoja kimoja: lori, lifti ya nyuma, toroli, mtambo wa baridi. Kila kimoja hupimwa kutoka mita 7.5, na kisichozidi 60 hupewa cheti cha kazi ya usiku. Faida ya utaratibu huo ni kwamba mwenye duka anajua anunue nini kabla jirani hajaamka.

London walishika njia nyingine. Kwa mpango ulioanza katikati ya miaka ya 1980, lori lenye uzito unaozidi tani 18 haliruhusiwi kupita barabara za makazi kuanzia saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi, na wikendi kuanzia Jumamosi saa 7 mchana hadi Jumatatu asubuhi, isipokuwa lina kibali na limeshikilia barabara kuu mpaka karibu na linakokwenda. Mpango huo unadhibiti njia, na ni jambo jema. Ila lori likishasimama, kreti zikianza kutupwa, hausemi kitu. Barcelona nao mwaka 2003 walifanya jaribio na duka kubwa la vyakula: malori mawili ya tani 40 yaliyotulizwa kelele, yakishusha usiku, yalichukua nafasi ya malori saba madogo ya mchana. Hilo nalipenda kwa sababu linaonyesha kitu ambacho wakazi hawaambiwi: lori moja kubwa lililotulia linaweza kuwa na amani zaidi kuliko vigari saba vinavyopokezana.

Na marufuku je? Tuseme tunafunga mtaa hadi saa 12 asubuhi. Malori hayatachelewa kuondoka yanakotoka. Dereva anaogopa foleni, basi atafika saa tisa usiku na kusubiri. Atasubiri wapi? Pembeni ya barabara ile ile, injini ikinguruma ili mtambo wa baridi ufanye kazi, redio ikiimba ili asisinzie. Ikifika saa 12:01 malori yote yanaingia pamoja, wakati ule ule watoto wanatembea kwenda shule na magari ya shule yanageuza kwenye vichochoro. Tumewaondolea wakazi kishindo cha dakika ishirini, tukawapa mngurumo wa saa tatu na hatari ya asubuhi. Kwa hiyo popote tutakapoweka saa ya kufunga, sharti la kwanza liwe juu ya mahali pa kusubiri: hakuna lori kusimama ndani ya mtaa kabla ya saa yake, na pahali pa kusubiri pawe pametajwa kwa jina, mbali na nyumba.

Nikiitaja foleni ya kusubiri, nafikiria masoko kama Kongowea kule Mombasa na Wakulima pale Nairobi. Vitunguu, machungwa na viazi vinafika usiku kutoka mbali, na soko haliwezi kuambiwa lilale. Ndani ya soko, 35 haiwezekani, na kudai iwezekane ni kuifanya sheria idharauliwe. Kinachowezekana ni kuzuia malori yasijipange kwenye vichochoro vya nyumba zinazozunguka soko, na kuweka lango moja la usiku upande usio na nyumba.

Nirudi mtaani kwetu. Kelele ya lori inatoka wapi hasa? Watu husema injini, na injini ipo, lakini lori likishafika inaweza kuzimwa kwa kuzungusha ufunguo. Kinachoamsha ni vitu vidogo vinavyofuatana.

Kwanza ni kurudi nyuma. King'ora cha kawaida cha kurudi nyuma, kile cha pii-pii-pii, hufika takriban desibeli 100 ukiwa mita moja. Sauti ya chanzo kimoja hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, na hapo ni mahali pa wazi. Kwa hiyo mita 10 mbele bado ni 80, na kwenye kichochoro chenye kuta za mawe pande zote haipungui hata kiasi hicho, inarudishwa na kuta. Dawa yake ya kwanza ni kutorudi nyuma: lori liingie kwa mbele na kutoka kwa mbele, au lirudi nyuma barabarani kuliko na nyumba chache. Ya pili ni king'ora cha mvumo, kinachotoa sauti ya "shhh" badala ya mlio mmoja mkali. Sikio linatambua upesi kinatokea upande gani, na aliye kitandani mbali kidogo hakisikii sana. Asifikiri mtu kuchomoa waya wa king'ora ndiyo suluhisho. Mtoto au mlinzi akigongwa gizani hatutakuwa na la kujibu.

Kinachoambatana na kurudi nyuma ni taniboi. Anapiga bodi kwa kiganja, anapaza sauti, "Kuja, kuja, kuja, wacha hapo!" Bodi la bati ni pana na linabeba kila kofi. Usiku aongoze kwa tochi, akiwa amesimama pale dereva anapomwona kwenye kioo: tochi ikipungwa juu na chini ni kurudi, ikizungushwa duara ni kusimama, na dereva akikosa kuiona tochi asimame papo hapo. Wakubaliane ishara hizo kabla ya kuondoka bohari. Na honi isitumike kabisa kumwamsha mlinzi afungue lango. Simu ipigwe lori likiwa umbali wa dakika kumi, lango likutwe wazi.

Breki za upepo nazo hupumua kwa mlio mkali kila hewa inapotoka. Kuna sailensa ndogo za kufungwa kwenye matundu ya valvu hizo. Si kifaa kikubwa, na fundi wa breki za malori huwa anazijua. Sailensa hizo huziba kwa vumbi na mafuta, kwa hiyo zisafishwe kila gari linapofanyiwa sevisi, la sivyo hewa itachelewa kutoka.

Halafu mlango wa nyuma, minyororo yake na komeo. Minyororo ivikwe bomba la mpira. Mlango ushushwe na watu wawili. Mahali unapogota pawekwe kipande cha mpira wa tairi kuukuu kilichofungwa kwa boliti. Gundi haivumilii jua letu. Lifti ya nyuma, kama ipo, iwe na vizuizi vya mpira pale inapokutana na sakafu ya lori na pale inapogusa ardhi, na aishushaye aachie kitufe sentimita chache kabla haijatua, kisha aimalizie taratibu.

Mtambo wa baridi unastahili maneno yake. Lori la maziwa au nyama likiacha mtambo ukinguruma kwa desibeli 60 dirishani kwa nusu saa, wastani wa usiku unafika 47. Hakuna kreti iliyodondoka, na kikomo kimepitwa kwa desibeli 12. Njia ni mbili. Mitambo mingi ya malori makubwa ina mota ya umeme ya akiba, kwa hiyo duka liweke soketi ya umeme wa fezi tatu pale lori linaposimama. Duka lisiloweza, bidhaa zipozwe barabara kabla ya kufika, mtambo uzimwe kwenye barabara kuu, na mlango wa nyuma uwe na pazia la vipande vya plastiki ili baridi isitoroke wakati wa kushusha. Kushusha kukipita dakika ishirini, pazia pekee haliaminiki kwa nyama na samaki. Mzigo wa aina hiyo usio na soketi uje mchana.

Upande wa duka ndiko ninakoona uzembe mwingi, kwa sababu kila mtu anamtazama dereva. Toroli ya magurudumu ya chuma ikiburutwa juu ya vigae vilivyovunjika inapiga kelele kuliko lori lenyewe. Magurudumu yawe ya mpira au poliyurethani laini. Njia kutoka lori hadi mlangoni isawazishwe kwa saruji, na kila ufa uzibwe. Mfuniko wa mtaro unaocheza lori likipita juu yake uwekewe mpira chini. Mlango wa bati wa kukunja upakwe grisi kwenye reli zake na ufunguliwe kabla ya saa 3 usiku, ubaki umefungwa kwa mlango wa ndani tu. Pale kreti zinapotua, tandiko la mpira lenye unene wa milimita 10, pana kuliko paleti, lisogezwe hadi usawa wa lori.

Na vyombo vitupu! Hili husahaulika katika kanuni nyingi. Kreti tupu, chupa tupu na mitungi mitupu ya gesi hulia kuliko vilivyojaa, kwa sababu hakuna kinachomeza mtetemo. Dereva anashusha kimya, kisha anarusha tupu ndani ya lori na kuharibu kazi yote. Kanuni iseme waziwazi: usiku ni kushusha tu, vitupu vichukuliwe mchana.

Sasa mizigo yenyewe. Si kila mzigo unatulizika. Nondo, mabati, kokoto, mawe ya kujengea, mitungi ya gesi na kreti za chupa, hizi zote zisishushwe usiku mtaani, na masharti yoyote yasizifungulie mlango. Kokoto zinamwagwa, na lori la kumwaga lazima libamize mlango wa nyuma ili masalio yatoke. Hakuna mpira unaoweza kulinyamazisha. Mikate, maziwa ya pakiti, mboga, nguo, dawa na vyakula vya maboksi vinaweza kuruhusiwa. Saruji ya mifuko nayo haina kelele ikibebwa begani, ila wapakuzi wake huimba na kuitana, kwa hiyo ningeiacha mchana mpaka duka lithibitishe nidhamu yake. Maboza ya maji yanayosukuma kwa pampu ya injini yahesabiwe pamoja na mizigo ya mchana, isipokuwa mtaa umekaukiwa kabisa.

Kuhusu saa, ningependekeza nafasi mbili za kushusha: saa 2 hadi saa 4 usiku, na saa 11 hadi saa 12 asubuhi, na ile ya kwanza ipendelewe. Wengi huona alfajiri ndiyo bora kwa sababu mji unaamka. Lakini usingizi wa kuelekea asubuhi ni mwepesi, mtu huamka kwa kidogo, na akiamka saa kumi na moja harudi tena kulala. Lori la saa tatu usiku linawakuta watu wazima wengi wakiwa macho. Mwezi wa Ramadhani mitaa yenye Waislamu wengi huchelewa kulala na huamka kwa daku. Hapo kamati ya mtaa iwe na uwezo wa kuzisogeza saa hizo kwa mwezi mmoja, kwa tangazo lililobandikwa wiki mbili kabla.

Kuna jambo jingine ambalo kipimo hakilioni. Wapakuzi wetu wengi hulipwa kwa lori au kwa kipande. Wakimaliza upesi wanawahi lori jingine. Unaweza kuweka mpira na tochi, lakini mtu anayelipwa kwa mwendo atarusha. Sharti la kibali liseme kwamba usiku wapakuzi wasipungue wawili na walipwe kwa zamu, na kwamba lori dogo lipewe muda usiopungua dakika thelathini hata kama kazi ingeisha kwa kumi na tano. Kreti ipokezwe kutoka mkono hadi mkono. Hili ndilo litakalopingwa zaidi, kwa sababu linagusa mfuko wa mwenye mali, na ndilo nisingekubali liondolewe.

Kibali chenyewe apewe mwenye duka. Lori linatoweka kabla askari hajafika. Duka liko pale pale kesho. Kibali kitaje aina ya mzigo, idadi ya malori kwa usiku, njia ya kuingia na kutoka, mahali pa kusubiri, na nambari ya simu ya msimamizi anayepokea usiku, iliyobandikwa mlangoni kwa maandishi yanayosomeka kutoka barabarani. Kuwe na daftari: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nambari ya gari, na malalamiko yaliyopokelewa. Daftari lisiloandikwa kwa wiki nzima liwe kosa lenyewe.

Na adhabu? Faini ya papo kwa papo usiku, kwa dereva, naipinga. Duka kubwa litaihesabu kuwa gharama ya kazi, na gizani itageuka kuwa hongo. Kupoteza kibali kunauma zaidi. Lalamiko la kwanza lililothibitishwa, onyo la maandishi na siku saba za kurekebisha. La pili, ruhusa ya usiku inasimamishwa siku 14. La tatu ndani ya miezi sita, kibali kinafutwa. Mkazi naye haki yake ya kupeleka lalamiko NEMA, au mahakamani chini ya Ibara ya 70 ya Katiba, inabaki palepale. Kamati ya mtaa haiwezi kumnyang'anya.

Lalamiko linathibitishwaje? Kwa kipimo kinachoweza kusimama mbele ya mtu anayebisha. Mita ya sauti iwe ya daraja la 1 au la 2 la usahihi, ihakikiwe kwa kifaa cha kuhakiki kinachotoa desibeli 94 kabla na baada ya kupima. Iwekwe kwenye mizani ya A, inayofuata usikivu wa sikio la binadamu, na mwitikio wa haraka, isome kishindo cha juu kabisa pamoja na wastani. Isimamishwe mita moja na nusu kutoka chini, mbele ya nyumba iliyo karibu zaidi. Ikiwa mita moja au mbili kutoka ukutani, mwangwi wa ukuta huongeza takriban desibeli 3, basi umbali kutoka ukutani uandikwe kila mara. Upepo ukizidi mita 5 kwa sekunde, kipimo kiachwe. Wakati wa kusi minazi peke yake inatosha kuharibu usomaji, na mvua juu ya bati vilevile. Ipimwe angalau usiku mmoja usio na lori ili tujue mtaa wenyewe una kelele kiasi gani, maana kando ya barabara kuu 35 hupitwa hata pasipo lori, na si haki duka likabebeshwa lawama ya kelele za matatu. Programu ya simu inafaa kulinganisha usiku mmoja na mwingine kwa simu ile ile, mahali pale pale. Ushahidi wa kumfutia mtu kibali haifai kuwa.

Napendekeza tuanze na jaribio la wiki sita, maduka mawili tu, lori moja kwa kila duka kwa usiku. Wiki mbili za kwanza ni za kupima mambo yalivyo sasa, bila kubadili chochote. Wiki ya tatu vifaa vinafungwa na wapakuzi wanaonyeshwa kazi mchana, lori likiwa tupu, kisha likiwa limejaa. Wiki tatu za mwisho kanuni zinafanya kazi, na kila Jumatatu usomaji unabandikwa kwenye ubao wa mtaa: kishindo cha juu cha kila usiku, kilitokea saa ngapi, kilisababishwa na nini. Kikizidi 60 mara tatu kwa sababu ile ile, sababu hiyo inaondolewa kabla lori halijarudi. Isipoondolewa, mzigo huo unahamishiwa mchana na jaribio linaendelea na ule mwingine. Karatasi za kujiandikisha ziko mezani kwa katibu. Nyumba zilizo ndani ya mita 30 kutoka kwa maduka hayo mawili ziandikwe kwanza, pamoja na saa ambazo watu wake hulala.